Mpishi wa kukodi hagawiwi mahari

Chukua kichupa kimoja cha chanjo ya malaria iitwayo R21, uulize kila kilichomo kimetoka wapi. Kiini chake kilibuniwa Uingereza, katika Taasisi ya Jenner ya Chuo Kikuu cha Oxford. Kinazalishwa ndani ya seli za hamira huko Pune, India, na Serum Institute. Kichochezi cha kinga, yaani kile kinachoushtua mwili usiipuuze chanjo, kinaitwa Matrix-M, mali ya Novavax, kampuni ya Marekani iliyoko Gaithersburg, Maryland. Novavax nayo haikukibuni. Mwaka 2013 iliinunua kampuni ya Isconova ya Uppsala, Sweden, ikakirithi humo. Na malighafi yake hutoka kwenye maganda ya quillay, mti wa Chile ambao wenyeji wake wameufahamu tangu enzi kwa kutoa povu kama sabuni.

Bado hatujamaliza. Ili ijulikane kama mchanganyiko wote huo unafanya kazi, ilibidi ujaribiwe kwa watoto wanaoishi na malaria mlangoni. Watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania waliingia kwenye majaribio ya awamu ya tatu. Wa Kenya walikuwa Kilifi. Wa Tanzania walikuwa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara.

Ukihesabu, ni mabara matano kabla sindano haijagusa bega la mtoto. Na katika orodha yote hiyo hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuifanya kazi peke yake.

Watu wengi wanapoona kampuni ya bioteknolojia, yaani inayotengeneza dawa na chanjo kwa kutumia viumbe hai, inategemea watu wa nje kiasi hiki, hudhani ni dalili ya uchanga. Mimi sioni hivyo. Ni kama harusi ya mjini. Mwenye shughuli hana turubai lake, hana viti mia tatu, hana masufuria ya pilau wala spika. Anakodi, na hakuna anayemcheka, kwa sababu ni mwendawazimu gani atanunua viti mia tatu kwa ajili ya Jumamosi moja? Kubuni molekuli ni kazi ya watu wachache wenye vichwa na friji nzuri. Kuifanyia majaribio kwa maelfu ya watu ni kazi ya madaktari, makarani, madereva na watakwimu. Kuizalisha kwa mamilioni ni kazi ya mabomba, mapipa ya chuma na wakaguzi. Mtu anayejenga vyote vitatu chini ya paa moja, huku akijua kwamba takriban dawa 1 tu kati ya 10 zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu ndiyo hufika sokoni, anacheza kamari kwa fedha za watu.

Kwa hiyo kukodi si tatizo. Tatizo ni kutotofautisha aina mbili za watu waliopo kwenye shughuli. Kuna mpishi, anayelipwa ujira wake jioni na kuondoka na mwiko wake. Na kuna mjomba, ambaye huenda hakubeba hata kiti kimoja, lakini mahari yakigawiwa jina lake lipo. Nadai kwamba katika biashara hii hakuna sifa, jasho wala urafiki unaoamua nani ni mpishi na nani ni mjomba. Linaloamua ni karatasi, tena karatasi iliyotiwa saini kabla mtu yeyote hajajua kama pilau litaiva.

Mfano bora ni wa kampuni iliyoanzisha mambo haya yote. Mwaka 1976 Robert Swanson, kijana wa miaka 28 aliyetoka kwenye biashara ya mitaji, alimwendea Herbert Boyer, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California pale San Francisco. Kila mmoja akachanga dola 500, wakaandikisha kampuni, wakaiita Genentech. Maabara haikuwepo. Kampuni ya kwanza kubwa ya bioteknolojia duniani ilianza ikiwa na jina, wazo na karatasi ya wakili.

Sayansi wakaitafuta nje. Katika mji wa Duarte, karibu na Los Angeles, kuna hospitali na kituo cha utafiti kiitwacho City of Hope. Hapo walikuwepo Arthur Riggs na Keiichi Itakura, waliokuwa na ujuzi adimu kwa wakati ule: kuunda jeni kwa kemikali, herufi kwa herufi, badala ya kuichimbua kutoka kwenye seli ya mtu. Walikuwa wameiomba serikali ya Marekani fedha za kutengeneza homoni ndogo iitwayo somatostatini, wakakataliwa. Genentech ikatoa fedha. Mwaka 1977 somatostatini ikatoka kwenye bakteria, na mwaka uliofuata ikafuata insulini: minyororo yake miwili ilizalishwa kando kando ndani ya bakteria, kisha ikaunganishwa.

Sasa Genentech ina insulini ya binadamu ndani ya chupa ya maabara. Haina kiwanda, haina kibali, haina mtu wa kuipeleka kwenye famasi. Ikaingia mkataba na Eli Lilly, kampuni iliyokuwa ikiuza insulini tangu miaka ya 1920, ikiitoa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Lilly ilikuwa na kila kitu ambacho Genentech haikuwa nacho, isipokuwa njia ya kuachana na machinjio. Oktoba 1982 insulini hiyo, Humulin, ikaidhinishwa Marekani. Haikupita miaka minane kampuni ya Uswisi, Roche, ikanunua asilimia 60 ya Genentech kwa dola bilioni 2.1, na mwaka 2009 ikamalizia sehemu iliyobaki kwa karibu dola bilioni 47.

Turudi kwa watu wa Duarte. Mkataba wao wa 1976 ulikuwa na kifungu cha mrabaha: asilimia 2 ya mauzo ya bidhaa zitakazotokana na jeni zao. Asilimia mbili ya nini? Wakati ule, ya sifuri. Hakuna aliyekuwa ameuza kitu. Ndiyo maana kifungu kilipita bila vita. Ila miaka ilivyokwenda, Genentech ikawa inatoa leseni za ujuzi huo kwa kampuni nyingine na kupokea fedha, na City of Hope ikaona hailipwi sehemu yake katika fedha hizo. Ikaenda mahakamani mwaka 1999. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama likaipa dola milioni 300 za fidia, na milioni 200 juu yake za kuiadhibu Genentech.

Rufaa ikafika Mahakama ya Juu ya California, nayo ikaamua mwaka 2008. Fidia ya milioni 300 ikabaki. Adhabu ya milioni 200 ikafutwa. Sababu ya kufutwa kwake ndiyo ningependa kila mkurugenzi wa taasisi ya utafiti Afrika Mashariki aibandike ukutani: mahakama ilisema kwamba kumkabidhi mtu uvumbuzi wako wa siri kwa ahadi ya mrabaha hakumfanyi, kwa hilo tu, kuwa mdhamini anayepaswa kukutanguliza wewe. Ni mtu mliyepatana naye. Unamdai kilichoandikwa kwenye mkataba, naye anakudai hivyo hivyo. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. City of Hope ilikuwa na daftari, ndiyo maana ikapata milioni 300. Ilipodai kingine kwa hoja kwamba iliaminiana na mwenzake, haikupata hata senti.

Kuna somo jingine dogo hapo ambalo watu hulipita. Riggs na Itakura walipata kifungu kile kwa sababu walikuwa na kitu ambacho Genentech isingekipata kirahisi kwingine. Kama wangekuwa wanaosha chupa, hata wangeziosha vizuri namna gani, wangelipwa mshahara.

Novavax, wale wenye kichochezi cha kwenye chanjo yetu ya Bagamoyo, ni sura ya pili ya hadithi hiyohiyo, na ina machungu zaidi. Ilianzishwa mwaka 1987. Kwa miaka zaidi ya 30 haikuwahi kupata kibali cha chanjo hata moja. Ilipokuja korona, mfuko wa CEPI, unaogharimia utengenezaji wa chanjo za magonjwa ya mlipuko, ukaipa mamia ya mamilioni ya dola, na Julai 2020 serikali ya Marekani ikaongeza ahadi ya bilioni 1.6. Ikakodi viwanda huku na huku. Chanjo ikaja kufanya kazi vizuri, ila ikachelewa. Kibali chake cha kwanza kilitoka Indonesia Novemba 2021, wakati Pfizer na Moderna wameshajaza friji za nchi tajiri.

Ndipo bili za washirika zilipoanza kuingia. Kuvunja mpango wa uzalishaji na Fujifilm huko Texas kuliigharimu hadi dola milioni 185. Muungano wa chanjo wa Gavi, uliokuwa umelipa kabla kwa dozi za nchi maskini kisha mpango ukavunjika, uliipeleka mbele ya wasuluhishi ukidai fedha zake. Wakapatana Februari 2024, Novavax ikitoa milioni 75 za kuanzia na ahadi ya malipo mengine kwa miaka kadhaa. Yaani kukodi nako kuna gharama za talaka. Viti vikirudishwa kabla ya harusi, mwenye viti bado anataka fedha yake.

Kilichoiokoa ni nini? Karatasi nyingine. Mei 2024 kampuni ya Ufaransa, Sanofi, ilikubali kuitoa chanjo hiyo sokoni na kupata ruhusa ya kutumia Matrix-M katika chanjo zake, kwa dola milioni 500 mkononi na uwezekano wa jumla kufikia bilioni 1.2. Mwishoni mwa mwaka huo Novavax ikauza kiwanda chake cha Jamhuri ya Czech kwa Novo Nordisk kwa milioni 200. Imeuza masufuria, imebaki na siri ya mchuzi. Na siri yenyewe, nikumbushe, iliinunua Uppsala.

Hapo ndipo ninapoona kosa la mazungumzo yetu kuhusu "kuvutia wawekezaji wa bioteknolojia". Tunazungumza kana kwamba kiwanda ndicho kilele. Machi 2022 serikali ya Kenya na Moderna zilitangaza mpango wa kiwanda cha chanjo cha dola milioni 500. Aprili 2024 Moderna ikasema imeusimamisha, kwa kuwa mahitaji ya chanjo ya korona barani yameporomoka. Hakuna aliyevunja sheria. Kampuni ilifanya hesabu zake, ikarudisha viti. Lakini tuliokuwa tumeshapiga picha na mifano ya majengo tulibaki tumeshika kadi ya mwaliko.

Na utegemezi huu una upande wa mlaji pia. Machi 3, 2021 Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca. AstraZeneca haikuzitengeneza, zilitoka kwa mshirika wake, Serum Institute. Mwezi huohuo wagonjwa wa korona walianza kufurika India, serikali ya huko ikazuia chanjo zisitoke nje, na watu waliochomwa dozi ya kwanza Afrika Mashariki wakakaa wakisubiri ya pili bila tarehe. Kiwanda kimoja kilikuwa kimebeba tumaini la nchi nyingi mno. Kwa kampuni lile lilikuwa tatizo la ugavi. Kwa bibi wa miaka 70 wa Kisumu lilikuwa jambo jingine kabisa.

Sisi tumo wapi kwenye mnyororo huu? Tumo sehemu yenye gharama kubwa kuliko zote, na tumo kwa muda mrefu. Ifakara ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi. Leo ni taasisi ya Kitanzania. Kituo cha Kilifi cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kipo tangu 1989. Chanjo ya malaria iliyotangulia, RTS,S ya kampuni ya Uingereza, GSK, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, na Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vilikuwemo. Kampuni ya Sanaria ya Maryland nayo ilileta Bagamoyo chanjo yake ya vimelea vizima vya malaria. Kupanga majaribio ya namna hiyo, kwa kumbukumbu safi, kwa kumfuata mtoto kijijini miezi na miezi bila kumpoteza, ni ujuzi ambao hauokotwi. Lakini mara nyingi tunaulipisha kama mpishi anavyolipisha: kwa sahani.

Hapa lazima niwe mkweli, la sivyo nitaonekana nadai mahari kwa kuosha vyombo. Bagamoyo haikuibuni R21. Fedha za kuthubutu zilitoka kwingine. Tukiweka masharti mazito, majaribio yajayo yanaweza kwenda nchi nyingine yenye malaria na madaktari hodari vilevile. Na kwa chanjo inayouzwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi, kudai mrabaha ni kujikata wenyewe: fedha hiyo ingelipwa, mwisho wa yote, na mfuko uleule unaowanunulia watoto wetu chanjo. Kwenye R21 asali ya kulamba haipo, na ni vizuri isiwepo.

Ila si kila shughuli ni R21. Kuna Majengo.

Majengo ninayoisema ni ya Pumwani, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakifuatilia afya ya wanawake waliokuwa wakiuza ngono mtaani hapo, na wakaona jambo la ajabu: baadhi yao, pamoja na kukutana na virusi vya Ukimwi mara nyingi mno, hawakuambukizwa. Miili yao ilikuwa inafanya kitu. Kwa kukichunguza kitu hicho, watafiti wa Nairobi na Oxford wakafika kwenye wazo la chanjo, ambayo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Kabla ya hapo ukazuka mzozo: hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilikuwa imeombwa Uingereza, na Wakenya hawakuwemo. Zikapigwa kelele, makubaliano yakafunguliwa na kuandikwa upya, Nairobi ikaingizwa kama mmiliki mwenza.

Chanjo yenyewe haikufaulu, kwa hiyo umiliki huo haukumnunulia mtu hata soda. Wapo wanaosema basi ugomvi ulikuwa wa bure. Sikubaliani nao. Asilimia mbili za City of Hope nazo zilikuwa za bure mwaka 1976. Zaidi ya hapo, mchango wa Nairobi haukuwa sahani za pilau. Ulikuwa ni kujua wapi pa kutazama, na wanawake wale ndio waliokuwa wameibeba siri yenyewe mwilini.

Au chukua maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Vijidudu vinavyoishi kwenye maji yale makali vilichukuliwa na watafiti wa Uingereza miaka ya 1990, vikafika kwa kampuni ya Genencor, na vimeng'enya vyake vikaingia kwenye biashara ya sabuni za kufulia na ya kuchujusha rangi za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likalalamika hadharani kwamba nchi haikupata chochote. (Sijui kama mnunuzi wa jinzi ya mtumba pale Gikomba amewahi kuwaza kwamba huenda rangi ile iliyofifia vizuri ilianzia kilomita mia chache kutoka kibandani.) Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na Novozymes ya Denmark kwa kazi ya namna hiyohiyo, safari hii masharti yakiwa mezani. Nchi ni ileile na kazi ni ya namna ileile. Kilichobadilika ni tarehe ya kuandika.

Kwa hiyo taasisi inayokaribishwa kwenye utafiti ingeanza kwa kujiuliza inaleta nini. Ikileta wazo, au kiumbe, au damu yenye siri, ni mjomba. Iombe jina kwenye hataza na asilimia yake, hata ndogo, hata ya sifuri. Ikileta kazi ya majaribio peke yake, kama kwenye R21, isihangaike na mrabaha. Iombe ujuzi. Vipimo vya kinga vifanyike hapa, mashine ikabaki, na vijana wetu wafundishwe kuisoma badala ya kufunga sampuli kwenye barafu kavu na kuzisindikiza uwanja wa ndege. Iombe data iwe pia yake, na bei ya chanjo kwa nchi zilizotoa watoto iandikwe kabla chanjo haijajulikana kama inafaa. Kampuni hukubali mambo kama haya kirahisi zaidi siku ya kwanza, wakati bado haijui kama ina dhahabu au changarawe. Siku matokeo yanatangazwa, mlango huo unakuwa umefungwa, na anayebisha hodi anaonekana mlalamishi.

Nguvu ya kuomba tunayo, tena imeshaandikwa. Tanzania Bara hakuna majaribio ya dawa kwa binadamu bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli za damu hazitoki nchini kihalali bila mkataba wa kuzihamisha. Mkataba huo mara nyingi hutiwa saini na mtu mwenye haraka, kwa sababu ndege ya saa kumi inasubiri boksi. Ningependa mtu huyo awe na wakili pembeni yake, na boksi lisubiri ndege ya kesho.